Mara 249 Chini: Kesi ya David Carr na Ukuta wa Houston

Tarehe 8 Desemba 2002, Houston Texans, klabu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza kabisa, ilikwenda Pittsburgh ikaifunga Steelers 24 kwa 6. Siku hiyo mashambulizi yake yote yalizaa yadi 47. Uwanja wa mpira wa Kimarekani una yadi 100 kutoka mstari hadi mstari, kwa hiyo ukijumlisha kila hatua waliyopiga mchana kutwa hawakutimiza hata nusu uwanja. Kotabeki wao, David Carr, alifikisha pasi 3 tu. Tachidauni, yaani mabao ya kufikisha mpira mwisho wa uwanja, zote tatu zilifungwa na watu wa ulinzi: Aaron Glenn alidaka pasi mbili za wapinzani akakimbia nazo hadi mwisho, na Kenny Wright akaokota mpira uliomponyoka mtu akafanya vivyo hivyo.

Katika mchezo huu wanatakwimu wana desturi ya kumwandikia kotabeki ushindi na kushindwa, kana kwamba alikuwa uwanjani peke yake. Ushindi wa Pittsburgh umo ndani ya hesabu ya Carr. Kwa miaka mitano aliyokaa Houston anahesabiwa ushindi 22 na kushindwa 53, na hizo ndizo namba zinazotolewa kila anapotajwa miongoni mwa chipukizi walioharibika. Sina ubishi na jumla yenyewe. Ubishi wangu ni kwamba kama ile ya Pittsburgh ni yake, basi hatujui tunahesabu nini.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, maelezo machache kwanza. Kotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio linapoanza, kisha huamua aurushe, aukabidhi kwa mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake wanasimama watu watano wazito ambao kazi yao ni kuzuia. Hawapewi mpira, hawafungi, na jina lao husikika kwenye spika za uwanja pale tu wanapofanya kosa. Hao nitawaita ukuta. Wapinzani wakiupenya ukuta na kumwangusha kotabeki kabla hajarusha, timu hupoteza yadi na nafasi ya shambulio, na mara nyingine mpira wenyewe. Mtu huyo huangushwa na watu ambao wengi huzidi kilo 110, na aghalabu hawaoni wanavyokuja, maana anayerusha kwa mkono wa kulia hugeuzia upande wa kushoto mgongo. Ndiyo maana mlinzi wa pembeni kushoto ni miongoni mwa wanaolipwa vizuri katika mchezo huu.

Mwaka 2002 Carr aliangushwa mara 76. Hakuna kotabeki wa NFL aliyewahi kuangushwa mara nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja, si kabla yake wala baadaye. Rekodi ya awali ilikuwa ya Randall Cunningham wa Philadelphia, mara 72 mwaka 1986. Mechi zilikuwa 16, kwa hiyo Carr alikuwa akibwagwa karibu mara tano kila wiki, na hapo sijataja zile ambazo alipigwa mpira ukiwa umeshatoka mkononi. Mpira ulimponyoka mara 21. Alirusha tachidauni 9, na wapinzani wakadaka pasi zake 15.

Sasa tumuulize nani?

Tuanze na waliomleta. Houston iliikosa timu tangu Oilers, klabu ya awali ya mji huo, walipohamia Tennessee baada ya msimu wa 1996. Bob McNair alilipa dola milioni 700 ili apewe klabu mpya, uwanja ukajengwa, na kwa kuwa ni wageni wakapewa nafasi ya kwanza ya kuchagua katika drafti ya 2002, lile zoezi la kila Aprili ambamo klabu hujigawia vijana wa vyuo kwa zamu. Walimchagua Carr wa Fresno State. Kila mtu alikubali kwamba ana mkono wenye nguvu, miguu myepesi na tabia njema. Huyo hakuwa chaguo la kijinga.

Miezi miwili kabla ya hapo walikuwa wamefanya jambo lililoonekana la busara zaidi. Klabu mpya huruhusiwa kuokota wachezaji walioachwa wazi na klabu nyingine, na tarehe 18 Februari mtu wa kwanza waliyemwita alikuwa Tony Boselli wa Jacksonville, mmoja wa walinzi bora wa pembeni kushoto wa kizazi chake, ambaye mwaka 2022 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huu. Ukilitazama juu juu ni wazo zuri: mnunue mlinzi kwanza, kisha umlete anayelindwa. Lakini Boselli alikuja na bega bovu. Hakuichezea Texans hata dakika moja, na mwaka 2003 akastaafu. Kutoka Jacksonville hiyohiyo walichukua pia Gary Walker na Seth Payne, watu wa mstari wa mbele wa ulinzi, na hao walikuwa wazima. Ndiyo maana mwaka ule klabu ilikuwa na ulinzi unaoweza kushinda mechi ya yadi 47, huku kotabeki akisimama nyuma ya ukuta uliojengwa kwa kutegemea nguzo ambayo haikuwahi kufika.

Nafasi ile ya kushoto ilizibwa na nani? Hapa kisa kinanifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. Upande huo alisimama Chester Pitts, chipukizi wa raundi ya pili, aliyeanza mechi zote 16 msimu huo. Pitts alisoma sekondari isiyokuwa na timu ya mpira, naye mwenyewe alikuwa mpiga obo. Aligunduliwa akifanya kazi katika duka la vyakula, pale mchezaji mmoja wa NFL, Ephraim Salaam, alipoona umbo lake na kumuuliza anacheza wapi. Kutoka hapo akajiunga na chuo cha San Diego State bila ufadhili, akajifunza mchezo ukubwani, na miaka michache baadaye akawa anazuia watu waliozuiliana tangu wakiwa watoto wa darasa la tatu. Alikuja kuwa mchezaji wa kutegemewa kwa miaka mingi. Mwaka 2002 alikuwa bado mwanafunzi, na mtihani wake ulisahihishwa juu ya mgongo wa mwenzake.

Kwa hiyo anayesema "walaumiwe wenzake" namuuliza, wenzake gani? Pitts alifanya alichoweza. Mtu aliyepangwa mahali pasipo pake hana kesi ya kujibu. Mwenye kesi ni aliyempanga, naye meneja mkuu Charley Casserly na kocha mkuu Dom Capers wana majina na tarehe. Itazame orodha ya chaguo za klabu za raundi ya kwanza: 2002 Carr mwenyewe, 2003 Andre Johnson, mpokea pasi, 2004 Dunta Robinson na Jason Babin, wote wa ulinzi, 2005 Travis Johnson, wa ulinzi, 2006 Mario Williams, wa ulinzi. Mtu wa kwanza wa ukuta kuchaguliwa na Houston katika raundi ya kwanza alikuwa Duane Brown, mwaka 2008. Wakati huo Carr alikuwa ameshaondoka. Nyumba ilivuja miaka sita, fundi akawa ananunua mapazia.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo, kwa sababu ni hadithi tamu: kijana mwema aliyeuawa na wakubwa wazembe. Ila ushahidi mwingine unamgeukia Carr mwenyewe, na ukiuficha hujachambua kitu.

Wa kwanza ni msimu wa 2003. Carr alianza mechi 11 akaangushwa mara 15. Kutoka 76 hadi 15! Hata ukifidia mechi alizokosa, huo ni mteremko mkubwa ajabu. Aliongezwa Zach Wiegert kwenye ukuta, na mkimbiaji mpya Domanick Davis akavuka yadi 1,000, na wapinzani wanaohofia mkimbiaji hawawezi kumrukia kotabeki kila mara kama fisi. Kumbe inawezekana. Mwaka uliofuata mara zikapanda hadi 49, ingawa huo ndio uliokuwa msimu wake bora: yadi 3,531, tachidauni 16, ushindi 7. Halafu 2005 yakaja maafa, mara 68, ushindi 2, kushindwa 14. Chris Palmer, kocha wa mashambulizi, alifukuzwa baada ya mechi mbili tu, nafasi yake akapewa Joe Pendry, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa ukuta. (Aliyepanga hilo alikuwa na ucheshi wa aina yake.)

Wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2006 alikuja kocha mpya, Gary Kubiak, na mfumo wa pasi fupi za haraka. Carr aliongoza ligi nzima kwa kiwango cha pasi zilizofika, asilimia 68.3. Katika mechi moja dhidi ya Buffalo alifikisha pasi 22 mfululizo, akaifikia rekodi ya ligi. Mechi hiyo walifungwa. Mwisho wa msimu alikuwa na tachidauni 11 kwa mechi 16, na alikuwa ameangushwa mara 41. Mtu anayerusha fupi na haraka hatakiwi kuangushwa mara 41. Machi 2007 wakamleta kotabeki Matt Schaub kutoka Atlanta, wakamwachia Carr aende zake. Msimu huo Schaub na msaidizi wake, Sage Rosenfels, waliangushwa mara 22 wakiwa wawili, na timu ikamaliza kwa ushindi 8 na kushindwa 8. Ukuta uliowalinda ulikuwa na Pitts yuleyule. Ulikuwa pia na Ephraim Salaam, yule bwana wa dukani, aliyekuwa amejiunga na klabu mwaka 2006. Watu karibu walewale, kocha yuleyule, na idadi imepungua karibu nusu.

Hapo utetezi wa Carr unayumba. Kuangushwa si jambo la ukuta peke yake. Kotabeki anaweza kuutupa mpira nje, anaweza kumwona mtu wake wa pili mapema, anaweza kusogea hatua mbili mbele hatari inapopita pembeni. Asiyefanya hivyo huwaangusha walinzi wake kama wao wanavyomwangusha. Kosa kubwa la Carr wa baadaye lilikuwa kuushika mpira muda mrefu, na kisha kukimbia hatari ambayo bado haijafika. Alipokwenda Carolina mwaka huohuo wa 2007, kwenye ukuta ambao haukuwa na uhusiano wowote na Houston, alianza mechi nne akashinda moja, akaumia mgongo, na klabu ikamwita Vinny Testaverde mwenye miaka 43 aje kusaidia.

Kwa hiyo ni yeye? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Wanaobishana juu ya kesi hii huzichukua zile mara 249 alizoangushwa kwa miaka mitano ya Houston kama fungu moja, kisha hugawana: thelathini kwa sabini, nusu kwa nusu. Mimi naona swali halijibiki bila tarehe. Mara 76 za mwanzo na mara 41 za mwisho ni vitu viwili tofauti vinavyoitwa jina moja. Zile za mwanzo alifanyiwa. Za mwisho alizifanya yeye, kwa mwili uliofundishwa na zile za mwanzo. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, nawe huwezi kumlaumu kwa kushtuka, lakini pia huwezi kumpa kazi ya kutembea usiku.

Lipime hilo kwa Peyton Manning, kotabeki aliyekuja kuwa mmoja wa wakubwa wa mchezo huu. Mwaka 1998, msimu wake wa kwanza na Indianapolis Colts, alipoteza mechi 13 kati ya 16 na wapinzani wakadaka pasi zake 28, karibu mara mbili ya za Carr. Ukisoma namba hizo bila jina unadhani huyu ndiye aliyepotea. Lakini Manning aliangushwa mara 22 tu. Alikosea akiwa amesimama, aliona pasi yake ikidakwa, aliona nani aliyeidaka na alitokea wapi, na wiki iliyofuata akalikumbuka. Sehemu ya hilo ni kipaji chake, mkono wake ulikuwa mwepesi kuachia. Sehemu nyingine ni kwamba upande wake wa kushoto alisimama Tarik Glenn, ambaye Colts walimchagua katika raundi ya kwanza mwaka mmoja kabla ya kumleta yeye. Carr alikosea akiwa chali anatazama taa za uwanja. Sijui mtu hujifunza nini kutokana na taa.

Kuna siku moja inayoniganda kichwani. Mwanzoni mwa 2006 viongozi wa Texans walikuwa na njia panda. Wamepata tena nafasi ya kwanza ya kuchagua, na barabarani kwao kuna kotabeki Vince Young, mtoto wa Houston, aliyekuwa ametoka kuipa University of Texas ubingwa wa taifa wa vyuo Januari ile kwa kuwafunga USC 41 kwa 38. Mji mzima ulimtaka. Klabu ikaamua kubaki na Carr, ikamlipa dola milioni 8 kurefusha mkataba wake, na nafasi ile ikaenda kwa Mario Williams, mtu ambaye kazi yake ni kuwaangusha makotabeki wa wengine. Young alichukuliwa na Tennessee, yaani Oilers walewale waliouhama mji. Tarehe 10 Desemba akaja nyumbani kama mgeni, mechi ikaingia muda wa nyongeza, akaukumbatia mpira akakimbia yadi 39 hadi mwisho. Tennessee 26, Houston 20. Sina shaka kwamba waliokuwa majukwaani wengi walimtazama Carr kando ya uwanja wakakata shauri palepale.

Lakini shauri hilo lilikuwa na kasoro. Young alikuwa chipukizi bora wa mashambulizi mwaka ule, na miaka mitano baadaye alikuwa amecheza mechi yake ya mwisho ya ligi. Mario Williams, aliyezomewa siku aliyochaguliwa, alithibitika kuwa mchezaji mkubwa. Mashabiki walikuwa sahihi kwamba Carr amekwisha, wakakosea karibu kila kitu kingine. Na viongozi, kwa kumlipa mtu waliyemvunja ili aendelee kusimama nyuma ya ukuta ambao bado hawajaujenga, walikosea mara mbili kwa hundi moja.

Nikilazimishwa kutoa hukumu ninaitoa hivi. Msimu wa 2002 ni wa viongozi wote, kuanzia aliyesaini bega la Boselli hadi aliyeona kijana anabwagwa kwa mara ya arobaini na bado akampanga Jumapili inayofuata. Kumkalisha benchi halikuwa jambo la aibu. Makotabeki wengi wakubwa walianza kwa kukaa na kutazama. Msimu wa 2003 na 2004 ni wa kila mtu kidogo, na ni hapo ambapo jambo lingeweza kuokolewa kwa chaguo moja la raundi ya kwanza. Msimu wa 2005 unarudi tena kwa viongozi. Msimu wa 2006 ni wa Carr. Alikuwa na miaka 27, kocha mzuri, mfumo rahisi, Andre Johnson upande mmoja, na hakuweza tena kukitumia alichopewa. Anastahili huruma kwa sababu iliyomfikisha hapo, na huruma hiyo haifuti zile mara 41.

Ukuta wenyewe nimeuacha nje ya hukumu kwa makusudi. Wale watano hawakuchagua kuwa watano.

Carr alicheza hadi 2012, akiwa msaidizi wa kukaa benchi, na alikuwa katika kikosi cha New York Giants kilichotwaa Super Bowl, fainali ya ligi, Februari ya mwaka huo kikiongozwa na kotabeki Eli Manning. Mdogo wake Derek alikuwa mtoto wa shule pembezoni mwa Houston katika miaka ile, akimwangalia kaka yake akianguka. Raiders walimchukua mwaka 2014, akacheza misimu 11, akastaafu 2025. Katika miaka hiyo yote lalamiko moja lililomwandama Derek lilikuwa kwamba anauachia mpira upesi mno.